Mkono Juu ya Kawa: Choyo, Uroho na Kijana Mwenye Usonji

Kisa hiki kilianza na kichwa cha changu. Siku ya sita ya Ramadhani, katika nyumba moja ya kijiji kilicho kaskazini mwa Pemba, sinia la futari lilikuwa limeshatengwa ukumbini na kufunikwa kawa. Upande mmoja palikuwa na muhogo wa nazi, upande wa pili ndizi mbichi, na katikati changu mmoja mkubwa wa kuchoma aliyeletwa na mgeni wa babu. Zilibaki dakika chache adhana isikike. Kijana wa miaka 12, mjukuu wa nyumba hiyo, alilifunua kawa, akamnyanyua samaki mzima kwa mikono miwili na kuanza kumla kwa upande wa kichwa, mbele ya babu, mgeni na jamaa wote waliofunga. Babu alimkemea kwa neno moja: "Uroho!" Mama yake, kwa kutaka kuipunguza aibu, akamwambia amgaie angalau mdogo wake wa kike. Kijana akamkumbatia samaki kifuani, kanzu ikalowa mafuta, na shangazi akaongeza: "Na choyo juu yake."

Siku mbili baadaye mama alinijia skuli. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na miongoni mwa kazi nilizopewa ni kuwafuatilia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, wakiwemo wenye usonji (autism), hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na namna mtu anavyohusiana na wengine. Wazazi wameridhia niandike, na mambo ambayo yangemtambulisha mtoto nimeyabadilisha au nimeyaacha. Nitamwita Kijana tu. Usonji wake ulitambuliwa alipokuwa na miaka sita, baada ya kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, mara kadhaa na baada ya majirani kumlaumu sana mama kwa "kumdekeza". Huzungumza kwa sentensi fupi, hurudia maneno aliyoyasikia redioni, anasoma vizuri, na hesabu za kujumlisha anamshinda kaka yake mkubwa.

Maneno mawili yaliyotamkwa kwenye futari ndiyo niliyoyafanya msingi wa uchambuzi, kwa sababu yanataja mambo mawili ambayo jioni ile yalifungwa furushi moja. Uroho ni wa mkono usiosubiri, na choyo ni cha mkono usiotoa. Wanasaikolojia nao huyatenganisha: la kwanza wanalichunguza kama uwezo wa kujizuia, la pili kama uamuzi wa kugawana. Mtu anaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika jingine, na anaweza pia kuonekana dhaifu katika yote mawili kwa sababu isiyohusiana na lolote kati ya hayo. Kabla ya kumfundisha Kijana chochote, nilitaka kujua ni lipi hasa lililotokea pale ukumbini.

Swali la kwanza nililomuuliza mama lilikuwa la kawaida kabisa: siku ile mtoto alikula nini kabla ya futari? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, hakula kitu tangu daku. Alisema anafunga kama babu, nami nikadhani adhuhuri atakuja kuomba. Hakuja." Kwa mtoto wa umri ule, watu wengi kwetu huridhika na funga ya nusu siku. Kijana, bila kuombwa na bila kusifiwa, alikuwa amejizuia kula na kunywa kwa karibu saa 13, katika joto la Pemba, na akaitwa mroho kwa sababu ya dakika chache za mwisho. Nakiri kwamba jibu hilo lilinibadilishia kisa chote. Kama tatizo lilikuwa kukosa uwezo wa kujizuia, uwezo huo ulikuwa wapi tangu alfajiri? Na kama uwezo ulikuwepo, ni kitu gani kilichouvunja mwishoni?

Nilimwomba mama na shangazi wanisimulie jioni ile hatua kwa hatua, nani aliingia, nani aliinuka, nani aligusa nini. Shangazi ndiye aliyetoa ufunguo, ingawa mwenyewe hakuuona kuwa ufunguo. Mgeni alifika sinia likiwa limeshafunikwa, na ili samaki apate nafasi shangazi alilifunua kawa, akamweka samaki katikati, akafunika tena. Katika siku tano zilizotangulia kawa lilifunuliwa mara moja tu kila jioni, na kila lilipofunuliwa watu walikula. Sisi wengine tunajua kwamba kinachofungulia ni kuchwa kwa jua na adhana inayolitangaza, na kwamba kawa ni kifuniko cha kuzuia nzi. Hakuna aliyemwambia Kijana hivyo. Yeye alijifunza kanuni kwa macho, na kanuni aliyoijifunza ilikuwa ya kawa. Lilipofunuliwa, kwake muda ulikuwa umetimia, na kulifunika tena baada ya hapo ndilo lililokuwa jambo lisiloeleweka. Kwa hiyo naona alikuwa ameshamaliza kusubiri, kwa hesabu yake, wakati sisi tunasema alishindwa kusubiri.

Inafaa kukumbuka hapa jaribio maarufu la mwanasaikolojia Walter Mischel, aliloanza kulifanya Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, la kumwachia mtoto kitu kitamu mezani na kumwahidi viwili kama atasubiri. Kwa muda mrefu watu walilisoma kama kipimo cha nguvu ya nafsi. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walilirudia kwa watoto wadogo wasio na usonji, lakini kwanza waliwagawa makundi mawili. Kundi moja lilikutana na mtu mzima aliyetimiza ahadi ndogo ya kuleta vifaa bora vya kuchorea, na kundi jingine lilikutana na mtu mzima aliyeahidi kisha akarudi mikono mitupu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12 hivi, na waliovunjiwa walisubiri kama dakika tatu. Watoto walikuwa wa aina moja, na kilichotofautiana ni neno la mkubwa.

Katika nyumba hii neno la wakubwa lilikuwa na mushkeli, bila ya ubaya wa mtu yeyote. Baba ni mvuvi na huenda dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, kwa wiki kadhaa, na kurudi kwake hutegemea upepo, samaki na hali ya chombo. Mama, kwa kumtuliza mtoto, alikuwa akimwambia, "Baba anakuja Ijumaa." Tulipohesabu pamoja, Ijumaa tatu mfululizo zilikuwa zimepita bila baba. Juu ya hayo, maneno yetu ya muda hayana kipimo. "Subiri kidogo", "bado kidogo", "sasa hivi" na "karibu tunamaliza" hutosha kwa mtu anayesoma uso wa msemaji na kukadiria. Kijana hasomi uso hivyo. Nilimjaribu mwenyewe barazani, kisheti kimoja kikiwa chini ya kawa dogo. Nilipomwambia asubiri kidogo, mkono wake ulikuwa juu ya kawa kabla dakika moja haijaisha, akilinyanyua na kulishusha, akilinyanyua na kulishusha, kama mtu anayeuliza swali kwa vidole. Siku ya pili nilitundika vibanio sita vya nguo kwenye kamba, nikamwambia kila dakika kimoja kitahamia kamba ya pili, na kikihama cha mwisho atakula. Alikaa mikono mapajani akivitazama vibanio, hakuligusa kawa, na kibanio cha sita alikihamisha mwenyewe.

Sidai kwamba vibanio vya nguo vinaondoa ugumu wote wa kujizuia kwa watu wenye usonji. Tofauti baina yao ni kubwa mno. Wapo wanaozuia mkono kwa urahisi lakini wanataabika kanuni inapobadilishwa ghafla, wapo ambao sauti kali au harufu huwavuruga wasiweze kujitawala kabisa, na wapo ambao njaa hawaitambui mpaka imewazidi. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwa mtoto huyu, kungoja kusikokuwa na mwisho unaoonekana na kungoja kwenye mwisho unaoonekana ni kazi mbili tofauti, na sisi tulikuwa tukimpa ya kwanza na kumhukumu kama kwamba tumempa ya pili.

Choyo kilinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu familia ilikuwa na ushahidi wa zamani. Msimu wa karafuu uliotangulia, Kijana na mdogo wake walikaa jamvini pamoja na wanawake, baada ya skuli, wakichambua karafuu, na mjomba akawalipa kwa pishi. Kijana ana mkono mwepesi na jicho la kutenga makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambalo watu wazima walilionea gere. Alichambua pishi tatu wakati mdogo wake amechambua moja. Mama aliposema pesa zote zigawanywe sawa, alikataa, akalia, akayarudia maneno "pishi tatu, pishi moja" mpaka usiku. Ukoo ukaandika choyo. Mimi niliposimuliwa niliona kinyume chake. Kile ni kilio cha mtu aliyeambiwa kwamba malipo ni kwa pishi, akaamini, kisha akaona kanuni imegeuzwa baada ya kazi kwisha. Mjomba, ambaye ni mtu wa biashara, alinielewa haraka kuliko wengine wote. "Mimi mwenyewe," alisema, "nikipeleka karafuu nikaambiwa kilo zangu zigawanywe na jirani, nitalia."

Ili niache kukisia, nilimpa Kijana visheti kumi, vikombe viwili, chake na cha mdogo wake, na nikamwomba agawe. Akatia kimoja kwake, kimoja kwa mdogo wake, mpaka vikawa vitano kwa vitano. Nilirudia siku nyingine nikiwa nimeondoka, nikimwona kutoka dirishani: vitano kwa vitano. Nilirudia shangazi akiwa amekaa mbele yake: vitano kwa vitano. Kisha nikampa saba. Aligawa vitatu kwa vitatu, akakishika cha saba muda mrefu, akakigeuza, akakilaza kwenye sahani katikati ya vikombe viwili, na hakukigusa tena mpaka mama alipokichukua.

Mdogo wake, msichana wa miaka tisa, mcheshi na anayependwa na kila mtu, niligawisha naye vilevile. Mbele ya shangazi alimpa kaka yake visheti sita akabakiza vinne, akapigiwa makofi. Alipobaki peke yake alibakiza sita. Sisemi hivyo kwa kumsuta. Ni mtoto, na wakubwa wengi hatuko mbali naye. Lakini ukoo ulikuwa ukimpima Kijana kwa kipimo cha mdogo wake, na kipimo hicho kilikuwa kikipima zaidi macho ya watu kuliko ukarimu.

Jambo hili limechunguzwa kwa watu wazima. Mwaka 2011 Keise Izuma na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wenye usonji na wasio nao walitakiwa kuamua kutoa au kutotoa pesa kwa hisani, mara nyingine wakitazamwa, mara nyingine bila ya mtazamaji. Wasio na usonji walitoa zaidi walipotazamwa. Kwa wenye usonji, kutazamwa hakukubadilisha uamuzi wao. Wala si kwamba hawakumtambua mtazamaji, kwa sababu katika kazi nyingine ya umakini makundi yote mawili yalifanya vizuri zaidi mbele ya mtu. Walimwona, ila sifa yake haikuingia katika hesabu ya kutoa. Visheti vya baraza moja ya Pemba havithibitishi kitu kuhusu dunia, lakini nilipoyaona matokeo ya Kijana siku tatu yakiwa yaleyale, utafiti ule ulinijia kichwani.

Kuna upande mwingine wa shilingi, na nisingetenda haki kama ningeuficha. Kugawana kwetu ni zaidi ya kugawa sawa. Mtu anakula barazani, jirani anapita, husema "Karibu", na jirani hujibu "Ahsante, nimeshiba", hata kama tumbo linanguruma. Kijana akiambiwa "Karibu" hukaa akala, na jirani mmoja ameacha kabisa kula nje akimwona anakuja. Naye hamkaribishi mtu, kwa sababu, kama alivyomwambia mama yake, "Hana njaa, amesema ameshiba." Kwenye sinia moja kuna kanuni ya kula mbele yako na kumsogezea mgeni kipande kizuri, na kanuni hiyo haihesabiki. Nani ni mgeni, kipande kipi ni kizuri, umsogezee mara ngapi? Samaki mzima hana nusu iliyochorwa. Alipoambiwa "mgaie" jioni ile, huku anakemewa na watu wote wamesimama, aliombwa akate kitu kisichokatika kwa kipimo asichopewa. Kukumbatia, nadhani, kulikuwa jibu pekee lililobaki.

Mpango tulioukubaliana na mama, shangazi na babu ulikuwa mdogo. Babu alihitaji kushawishiwa. Aliniuliza kama ninataka Ramadhani ifuate mtoto au mtoto afuate Ramadhani. Nilimjibu kwamba sitabadilisha chochote katika Ramadhani isipokuwa kumwambia mtoto waziwazi kile ambacho wengine wanakijua kimyakimya. Tuliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mambo matano kwa mpangilio: sinia linatengwa, tende zinawekwa, redio inafunguliwa, adhana inaanza, kawa linafunuliwa. Kijana akafanywa mwenye kawa, yaani hakuna anayeligusa ila yeye. Samaki angekatwa vipande jikoni, na kila mmoja angepewa chake kwenye kisahani kabla sinia halijaliwa. Na neno "Ijumaa" likapigwa marufuku mpaka baba awe ameshapiga simu akiwa nchi kavu.

Siku tisa zilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Kijana alikaa mkono wake wa kulia ukiwa juu ya kawa kama mlinzi, na shangazi alipojaribu kuongeza ndizi aliambiwa, "Bado adhana," kwa sauti ya babu mtupu. Siku ya kumi umeme ukakatika dakika chache kabla ya magharibi. Redio ikanyamaza. Msikitini waliadhini kwa mdomo, sauti ikasikika vizuri ukumbini, na kila mtu akanyoosha mkono. Kijana akalikandamiza kawa kwa mikono yote miwili na kupiga kelele. Karatasi ilisema redio. Babu alifungua kwa funda la maji huku anatikisa kichwa, na wengine wakangoja mpaka mama alipopata adhana kwenye simu ya jirani na kuileta mbio.

Kosa lile lilikuwa langu. Leo Kanner, daktari aliyewaeleza watoto 11 wenye usonji katika makala yake ya mwaka 1943, tayari alikuwa ameona jinsi walivyoshikilia mambo yabaki yalivyo, na mimi, niliyejua hivyo kwa kusoma, nilimwondolea mtoto kanuni ya kawa nikampa ya redio, nayo ina udhaifu uleule. Tulirekebisha karatasi: "adhana, ya redio au ya msikiti au ya simu". Tukafanya mazoezi ya mchana, redio ikizimwa makusudi, mara ya kwanza kwa machozi, mara ya tatu kwa kicheko. Mtu akiniuliza ni sehemu gani ya kazi hii ningeanza nayo mara nyingine, ni hii: kumzoesha njia mbili za jambo moja tangu siku ya kwanza, kabla njia moja haijakauka ikawa ukuta.

Kuhusu kukaribisha, hatukufika mbali. Tulimfundisha kusema "Karibu" na kujibu "Ahsante", na anasema, lakini jirani akijibu kwamba ameshiba Kijana bado humwangalia tumboni.

Siku ya Idd nilikwenda kuwapa mkono. Ukumbini walikuwemo wageni wanne, na Kijana, akiwa na kanzu mpya, alikuwa amepewa kazi ya kugawa visheti, sahani moja moja, vitano kwa kila mtu. Vilitosha barabara, sinia likabaki jeupe. Mimi nikawa mgeni wa tano, nikaketi, na mama akaanza kuomba radhi kwamba visheti vimekwisha. Kijana aliniangalia, akaangalia sahani nne, midomo ikicheza kama anahesabu. Kisha akachukua sahani tupu, akazunguka ukumbi, akaondoa kisheti kimoja kwenye kila sahani bila ya kumwomba mtu, akaniletea vinne, akasimama kando yangu kuhakikisha kila mmoja ana vinne. Hakuna aliyesema neno. Shangazi, ambaye kisheti chake kilichochukuliwa kilikuwa tayari kimeng'atwa, alikitazama kikipita mbele yake mpaka kikanifikia, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.